Kioo cha Kuonea Samaki na Paa la Mama

Nakumbuka siku moja, saa mbili na dakika kumi asubuhi, furukombe alishuka kutoka kwenye mti mkavu akamnyakua samaki wangu wa shilingi elfu ishirini na tano. Saa naijua kwa hakika kwa sababu nilikuwa nimetoka tu kuandika daftarini: "Saa 2:08, samaki wa betri ametiwa majini." Dakika mbili baadaye mkononi mwangu ulibaki uzi uliokatika, na juu yangu ndege alikuwa akipaa kuelekea upande wa Rwanda, samaki wa plastiki akiendelea kutikisa mkia kwenye kucha zake. Wavuvi waliokuwa mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, walicheka hadi mmoja wao akakaa chini kwenye tope.

"Angalau kuna mmoja aliyedanganyika!" akasema yule aliyekaa.

Mwanangu, nakuandikia haya kwa sababu wiki iliyopita kijana mmoja wa Kihanga alinionyesha kwenye simu yake ndoano inayojivuta yenyewe, chambo kinachowaka taa, na mpira unaoelea na kumwambia mvuvi walipo samaki. Akaniuliza, "Shikamoo, Baba. Hivi vitu vina faida, au mtu anatapeliwa?" Ni swali zuri, na halijibiwi kwa neno moja. Mimi hulijibu kwa habari za paa la mama yangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na Kyerwa ilikuwa bado haijatengwa na Karagwe kuwa wilaya. Nilikuwa nimeishia darasa la saba, lakini nilisoma kila kilichoandikwa: karatasi za dawa za ng'ombe, vitabu vya redio vilivyopoteza majalada, hata magazeti ya kufungia vitumbua. Pale kijijini kwetu Ihembe nilitengeneza redio za majirani, na kwa sababu hiyo nilijiona nimeelimika kuliko nilivyokuwa. Baba alikuwa ameshafariki. Mama aliishi kwenye nyumba ya nyasi zilizooza. Mvua ikinyesha alihamisha kitanda mara mbili, mara tatu, akitafuta pasipovuja, na akipakosa alilala chali na sufuria kifuani ili ipokee matone.

Mwaka ule kahawa yetu ilizaa vizuri. Mama alinikabidhi shilingi laki mbili na elfu sabini, zimefungwa kwenye kipande cha kanga. Zilikuwa za mabati thelathini, kila bati elfu tisa.

"Nenda Kayanga ununue," aliniambia. "Uwahi kabla ya vuli. Mwaka huu sufuria nataka niipikie tu."

Kayanga nilifika, ila duka la mabati sikulifikia. Sokoni palikuwa na mchuuzi mgeni, kazungukwa na watu, anauza vifaa vya kuvulia ambavyo hakuna aliyewahi kuviona. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi methali hiyo nilikuwa naijua. Kuijua methali hakukuzuii kuingia ndani yake. Mchuuzi alikuwa na kioo kidogo mfano wa redio ya mkononi, chenye waya mrefu, na mwisho wa waya kidude cha plastiki kinachozamishwa majini. Alikitia kwenye beseni lenye kambare mmoja, na kiooni akatokea samaki mmoja aliyechorwa kwa nukta nyeusi. Watu wakapiga makofi.

Nilipiga hesabu pale pale. Kwa vifaa vile ningevua wiki tatu tu, nimrudishie Mama mabati sitini badala ya thelathini, na jiko lake nalo niliezeke. Nikanunua kioo kwa laki moja na elfu arobaini, ndoano sita za springi kwa elfu thelathini, chupa ya mafuta ya kuwaita samaki kwa elfu kumi na tano, na yule samaki wa betri. Jumla laki mbili na elfu kumi. Nikampelekea Mama salamu kwamba mabati yamekwisha dukani, yataletwa baada ya wiki tatu. Kisha nikaendesha baiskeli kwa muda wa saa tatu hadi kwenye ziwa letu dogo upande wa Kyerwa, lile lililozungukwa na mafunjo, nikaomba pa kulala kwa wavuvi na mtumbwi wa kuazima.

Siku ya kwanza nilifungua chupa. Mwalo mzima ukanuka manukato. "Bwana harusi kaja!" wakasema, na jina hilo likanishika. Samaki hawakuja harusini. Siku ya pili nilitega ndoano za springi pembeni mwa mafunjo. Zilikuwa zimetengenezwa zifyatuke zikiguswa na samaki, lakini mafunjo hayatulii hata upepo ukiwa mdogo, na kila yalipotikisika zilifyatuka zenyewe. Ya mwisho ilifyatukia kidole gumba changu. Alama ninayo hadi leo. Siku ya tatu ndiyo ile ya furukombe.

Lakini moyo ulikuwa haujanivunjika, kwa sababu kioo kilikuwa kinaniambia samaki wamejaa. Kila nilipokizamisha pembeni mwa mafunjo kilionyesha sita, tisa, kumi na wawili. Nilitupa mshipi pale pale siku zote tatu.

Miongoni mwa wale waliokuwa mwaloni, mmoja hakucheka. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye mtumbwi wa kuchonga uliozibwa ufa kwa bati na lami. Jina lake Byabato, na kwa heshima ya kwetu tulimwita Ta, yaani baba. Alikuja akakaa kando yangu.

"Shikamoo, Ta."

"Marahaba. Hicho kioo chako kinasema nini?"

"Kinasema pale kwenye mafunjo wamejaa. Tangu juzi."

"Umevua wangapi?"

"Furu watatu."

"Kwa hiyo wengine wamekataa." Akakigeuzageuza kioo kama mtu anayepima parachichi. "Kabla ya kukinunua ulikiona kikifanya kazi?"

"Ndiyo, Ta. Kwenye beseni. Mlikuwa na kambare."

"Na huyo kambare wa kwenye beseni, mwanangu, alihitaji kioo ndipo aonekane?"

Nikaanza kuukunja ule waya. Mzee akaniambia nipande mtumbwini mwake. Alipiga kasia hadi kwenye kona moja ya ziwa yenye tope jeusi linalonuka, mahali ambapo, kwa maneno yake, hata chura huhama. "Ukitaka kumjua mgeni," akasema, "usianze kumuuliza usilolijua. Muulize unalolijua. Hapa hapana samaki, tangu babu yangu. Kiulize."

Nikakizamisha kidude. Ta Byabato akachoma tope kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Mapovu yakapanda kutoka chini yakibubujika, na kiooni wakatokea samaki kumi na saba.

Akachoma tena. Wakatokea ishirini na wawili.

"Umevua upepo," akasema. Hakusema kwa dharau, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Baadaye, kwa kusoma kijikaratasi cha maelezo na kamusi pembeni, nilielewa. Kioo kile kilikuwa kinapeleka mlio majini na kusikiliza unavyorudi. Chochote kilichorudisha mlio kabla ya ardhi ya chini, kiwe povu, kiwe shina la funjo, kiwe jani linalozama, kioo kilikichora kama samaki. Ziwa letu lina mafunjo pande zote na tope linalotoa hewa mchana kutwa. Aliyekitengeneza kifaa kile hakuwahi kuliona.

Lakini siku ile nilichokiona kwenye yale mapovu ni paa la Mama likipotea. Nikamweleza mzee kila kitu: pesa za kahawa, sufuria, salamu nilizopeleka. Nilitegemea anihurumie.

"Yaani wewe umemwambia mama yako mabati yamekwisha dukani," akasema taratibu, "halafu unalia kwamba kioo ni mwongo? Mwenzako huyo. Nyote wawili mmesema kilichowafaa. Nenda kwa mama yako kwanza. Samaki hawahami."

Mwanangu, nimekemewa na watu wengi maishani, wengine kwa fimbo. Hakuna aliyenifikia kama yule mzee aliyekuwa hata hajaacha kupiga kasia.

Hata hivyo, kabla ya kuondoka nilifanya jambo moja, na hili nalitaja kwa kujivuna kidogo, unisamehe. Kwenye pembe ya kioo palikuwa na namba ndogo inayotaja kina cha maji. Nikajiuliza: kama kinadanganya kuhusu samaki, je, na hapo pia? Nikachukua kamba, nikafunga jiwe, nikaweka fundo kila baada ya mita moja kwa kipimo cha seremala. Tukapima mahali kumi. Kamba na kioo havikutofautiana zaidi ya shubiri moja, mahali pote kumi.

Ta Byabato aliifuata ile orodha daftarini kwa kidole, mstari kwa mstari. Hakujua kusoma sana, lakini namba alizijua. Kisha akaniambia jambo ambalo nilikuja kufahamu kuwa hakuwa amemwambia mtu.

Chini ya ziwa lile kulikuwa na mwinuko ambao baba yake aliuita Mgongo wa Ng'ombe. Kiangazi sato hupenda kukusanyika juu yake. Kwa miaka mingi yeye aliufikia kwa alama mbili: kilele cha kilima kimoja, na kisiwa cha mafunjo kilichokuwa katikati ya maji. Sasa, mafunjo ya katikati hayana mizizi ardhini. Yanaelea. Msimu mmoja ulikuja upepo mkali, na asubuhi kisiwa kilikuwa kimehamia ng'ambo.

"Tangu hapo miaka sita nautafuta," akasema. "Maji yamepanda, upondo haufiki chini mpaka uwe juu yake kabisa. Mimi, mtoto wa mvuvi, niliweka alama yangu kwenye kitu kinachoelea. Nimeona aibu kuwaambia hawa wanaocheka."

Nikaenda Ihembe. Nilimkuta Mama anamenya ndizi. Nilimweleza yote bila kukaa chini, nikaweka mbele yake shilingi elfu sitini zilizobaki. Hakuinua uso. Alimenya chane nzima, moja moja, maganda yakianguka karibu na miguu yangu.

"Kwa hiyo paa langu liko ziwani," akasema mwisho.

"Liko ziwani, Mama."

"Unaenda kulivua lini?"

Mwanangu, nilikuwa nimejiandaa kwa laana. Hilo swali lilinisimamisha wima kama nguzo. Nikamwambia kwamba Ta Byabato anahitaji machicha ya kuwazoesha samaki, yale makapi ya mtama na majani yanayobaki watu wakishakanyaga ndizi na kuchuja rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mama akajifunga kanga, akazunguka kwa majirani waliokuwa wamepika pombe wiki ile. Walimtania kwamba amenunua nguruwe. Alasiri nilikuwa na magunia mawili kwenye baiskeli.

"Nenda," akaniambia. "Lakini ujue mvua haina simile."

Tulitafuta mgongo kwa utaratibu. Tuliishika mistari kutoka ukingo hadi ukingo, na kila baada ya makasia ishirini mzee aliacha kupiga, mimi nikasoma namba na kuiandika. Samaki waliochorwa kiooni nilibandika kipande cha plasta juu yao nisiwaone. Siku ya kwanza yote tulipata mita sita, sita na kidogo, tano na nusu, sita tena. Wale wa mwaloni wakaimba, "Bwana harusi anampimia mkwe shamba!" Siku ya pili, saa tatu na robo asubuhi, namba zilikuja hivi: sita. Tano nukta nane. Nne nukta tatu. Mbili nukta tisa. Mbili nukta mbili.

Ta Byabato akalaza kasia mtumbwini. Alitumbukiza upondo, ukagonga chini, ko! Akaugonga tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba aliyozaliwa.

"Ndio wenyewe," akasema. "Baba, ndio wenyewe."

Alama mpya tulizichagua pamoja: paa la kanisa upande mmoja, jabali jeupe upande wa pili. Vitu visivyoelea.

Siku tano tulimwaga machicha pale kila jioni, tusitie hata ndoano moja. Siku ya pili nilikuwa nawashwa mikono. Nikaomba tujaribu mara moja tu. Mzee akanikatalia. "Mkamia maji hayanywi," akasema. "Kwanza wale, wazoee, waitane. Mgeni humkamati mkono akiwa bado mlangoni." Nilikuwa nahesabu siku za kufika vuli, na kila wingu dogo upande wa magharibi lilinichoma. Lakini nilitii.

Siku ya sita, mwanangu, tulishusha mishipi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ndoano zilikuwa za kawaida, zile za dukani, chambo minyoo. Sijamaliza kuachia uzi, ukavutwa. Nikampandisha sato mpana kama sahani ya wali. Mzee naye kashika. Nikatupa, ukavutwa. Hapakuwa na nafasi ya kuandika daftarini. Ndiyo siku pekee ambayo daftari langu halina saa yoyote baada ya ile ya kuanza. Jua lilipotuchoma visogo tulikuwa na sato arobaini na mmoja, na mtumbwi umezama hadi vidole viwili chini ya ukingo.

Tulipofika mwaloni hapakuwa na kicheko. Yule aliyekaa kwenye tope siku ile alichungulia mtumbwini, akavua kofia.

"Bwana harusi," akasema, "leo umeleta ukoo mzima wa bibi harusi!" Ndipo wakacheka, na safari hii nilicheka nao, nikacheka mpaka mbavu zikauma.

Kesho yake walikuja wanne kuniomba niwapimie kina upande wao. Niliwapimia.

Tulivua siku kumi na tisa, Jumapili tukipumzika. Sato mia sita na arobaini. Tuligawana nusu kwa nusu, kila mmoja mia tatu na ishirini, na niliuza wangu kwa shilingi mia saba mmoja. Hiyo ni laki mbili na elfu ishirini na nne. Ukijumlisha na zile elfu sitini, mabati thelathini yalipatikana, misumari ikapatikana, na kofia za bati za paa zikapatikana. Mimi na mjomba tuligongelea bati la mwisho siku ya Jumamosi. Jumatano yake, saa kumi alasiri, vuli ikafungua.

Mama aliingia ndani mchana ule kweupe, akapanda kitandani na viatu vyake vya kanisani, akalala chali. Kwa mazoea akaiweka sufuria kifuani. Mvua ilipiga bati kwa kelele ambayo hatukuwahi kuisikia ndani ya nyumba ile. Alikaa hivyo mpaka ikakatika. Kisha akatoka na sufuria, akaipindua mbele yangu na mbele ya majirani waliojibanza barazani. Halikudondoka tone. Vigelegele vilivyopigwa vilisikika hadi barabarani.

Kioo kilifanya kazi miaka minne zaidi, mpaka maji yalipokiingia. Mgongo bado upo. Paa la kanisa lilibadilishwa rangi, lakini halijahama. Ta Byabato alitangulia mbele ya haki akiwa ameshawaonyesha wajukuu zake jabali jeupe kwa kidole chake mwenyewe.

Basi, mwanangu, nirudi kwenye swali la kijana wa Kihanga. Usikiogope kifaa kipya kwa sababu ni kipya. Ta Byabato angekikataa kioo, angekufa bila kuuona tena Mgongo wa Ng'ombe. Na usikiamini kwa sababu kinawaka taa. Kipeleke kwanza kwenye kona yako ya tope, ukiulize unalolijua, na ukikamata uongo wake usikitupe papo hapo: kipekue, huenda kina namba moja ndogo pembeni inayosema kweli. Hiyo ndiyo itumie, mengine yabandikie plasta. Anayekuuzia kifaa, muulize kama amewahi kuliona ziwa lako. Pesa iliyokwisha kupewa kazi, kama ile ya paa, usiipe kazi nyingine hata kwa siku moja. Ukishakosea, mwambie mwenye pesa kabla hujamwambia mtu mwingine. Utashangaa ni nani atakayekuinua. Na mbele ya kila mashine mtafute mzee mmoja ambaye hakucheka. Mashine ilinipa kina, yeye alinipa sababu ya kukitafuta, na Mama akanipa machicha. Ukitoa kimoja kati ya hivyo vitatu, nyumba ile inavuja hadi leo.

Mwenyezi Mungu akuongoze, mwanangu. Alama zako aziweke juu ya vitu visivyoelea, mshipi wako usirudi mtupu, na paa la mama yako lisipitishe tone. Na kama ni lazima upoteze ndipo ujifunze, basi akujalie usipoteze zaidi ya nilichopoteza mimi kwa furukombe mmoja, ndoano sita na chupa ya manukato: shilingi elfu sabini.